Naomba ushauri: makrofaji, glukosi na IL-1β

Wakuu, habari za kazi. Niko kwenye utafiti wa shahada ya uzamili na nimekwama na makrofaji za panya, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu.

Nikizichokoza kwa LPS, ile sumu ya ukuta wa bakteria, zinakula glukosi kwa kasi na kutoa laktati nyingi, zao la kuvunja glukosi bila oksijeni, ingawa oksijeni ipo. Hapo sawa, ndivyo inavyotarajiwa: saksineti (zao la kati la kuchakata chakula cha seli) hurundikana, HIF-1α (protini inayowasha jeni) haivunjwi, IL-1β (protini inayochochea uvimbe wa kinga) inapanda. Nikiweka 2-DG (glukosi bandia) kuzuia glaikolisisi, yaani uvunjaji wa glukosi, IL-1β inaporomoka, TNF, kichochezi kingine cha uvimbe, haitikisiki sana. Nilifurahi mno, kisha shaka ikaniingia, maana 2-DG huvuruga pia namna protini zinavyovishwa sukari. Nimepunguza dozi; seli hazifi, lakini shaka iko palepale. Nikaondoa glukosi nikaweka galaktosi, sukari nyingine: IL-1β imeshuka kidogo tu, na laktati bado ipo.

Je, serumu yangu (majimaji ya damu ninayokuzia seli) ndiyo inayoingiza glukosi, niifanyie dayalisisi, yaani niichuje molekuli ndogo, kwanza? Na aliyewahi kuongeza manosi, sukari inayorudisha ule uvishaji wa protini, ili kutenganisha athari hizo mbili za 2-DG, aliiweka pamoja na LPS au kabla yake? Seli nilizobakiza zinatosha jaribio moja tu, nisingependa kuzipoteza.