Mrejesho: vipokea sauti vidogo vinavyosimamisha muziki nikivaa helmeti

Asanteni sana ndugu zangu. Niliuliza kwa nini muziki unasimama au simu inakatika kila ninapovaa helmeti kupanda boda hapa Kampala. Mliosema tatizo ni sehemu ya kugusa mlikuwa sahihi kabisa.

Vipokea sauti hivi vya kuingiza sikioni havina kikonyo (kile kijiti kinachoshuka chini ya sikio), kwa hiyo mgongo wake wote, yaani upande wa nje, ndio kitufe. Hauhitaji kubonyezwa; unahisi mabadiliko ya chaji ya umeme ngozi inapougusa, na tone la mvua au jasho linaweza kuudanganya vilevile. Helmeti ikivisogeza, kidole kikienda kuviweka sawa, tayari amri imeshatoka.

Nimeingia kwenye programu yake ya simu nikazima amri ya mguso mmoja. Sasa kugusa mara mbili kulia kunasimamisha muziki, kushoto kunapokea simu. Sauti naongezea kwenye simu yenyewe. Tofauti ni kubwa mno!

Ushauri wenu wa kujaribu saizi tofauti za mipira (zile ncha laini zinazoingia sikioni) umenisaidia kuliko nilivyotarajia. Sikio la kushoto linataka mpira mdogo, la kulia wa kati. Nakiingiza kipokea sauti, nakizungusha taratibu kuelekea nyuma mpaka kelele za Jinja Road zipungue na besi ijae. Hapo sina haja ya kukigusagusa njiani. (Kwenye boda nabakiza kimoja tu, honi lazima nizisikie.)

Imebaki mvua. Hapo ningependa kitufe halisi, ijapokuwa kukibonyeza hukisukuma kifaa ndani ya sikio. Anayejua vya aina hiyo, vyembamba vya kuenea chini ya helmeti, anitajie.