Skroli: D&D 5e ya 2014, toleo la 2024, 3.5 au Pathfinder 2, ipi inafaa mezani?

Dadu_Mbovu
Wakuu habari za jioni. Tunaanza kampeni mpya ya D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu) na mimi ndo DM, yaani msimamizi wa mchezo, tumekwama kwenye skroli, zile karatasi zenye speli (uchawi) ya kusoma, kabla hata hatujaanza. Wawili wametoka 5e (toleo la tano) ya 2014, mmoja kanunua kitabu cha 2024, halafu kuna jamaa wa Pathfinder 2, mchezo mwingine wa aina hiyo, ambaye kila tukiongea anasema "kwetu haiko hivyo". Nachotaka kujua, kwa skroli tu, sheria za wapi zinamfanya mchezaji azitumie kweli? Maana hawa wangu wanazitunza kama nguo ya Idi mpaka kampeni inaisha. Karibuni.

Fundi_Kanuni
Anza na 2014 maana ndo chanzo cha ubishi wote. Skroli ina speli moja, ukishaisoma imefutika. Kama speli iko kwenye orodha ya klasi yako unasoma tu, haili sloti (nafasi zako za kuroga) wala haidai viungo. Kama haiko, kwako ni mikwaruzo huelewi kitu. Kama iko ila levo yake hujaifikia, unarusha d20 (dadu la pande 20) unajumlisha nyongeza ya sifa yako ya kurogea, DC (namba ya kufikisha) ni 10 + levo ya speli. Mfano wizadi (mchawi wa vitabu) wa levo 5 mwenye Int (akili) 16 kaokota skroli ya levo 4, DC 14, yeye ana +3, anahitaji 11 kwenda juu, yaani nusu kwa nusu. Akikosa skroli imeenda na zamu imeenda. Sasa hapo utamlaumu kwa kuilundika?

Tena nguvu yake imeshaandikwa humo humo, sio yako. Skroli ya levo 1 au 2 adui anaikwepa kwa DC 13, levo 3 ni DC 15. Wizadi wa levo 9 mwenye Int 20 DC yake mwenyewe ni 17, sasa asome Fireball (speli ya moto ya levo 3) ya 15 ya nini kama bado ana sloti?

kijanaKasarani
Hapo kwa DC ndio Pathfinder 2 inawapiga wazi wazi. Huku skroli inatumia DC yako wewe, so ile Fear (speli ya hofu) ya rank 1 (huku ndio levo ya speli) ulinunua ukiwa levo 1 bado inauma ukiwa levo 10. Na bei si ya kutisha, rank 1 ni 4 gp (sarafu za dhahabu), rank 2 ni 12, rank 3 ni 30, na mtu anaanza game na 15 gp, hata mgeni anaingia dukani anatoka na moja na chenji inabaki. Hakuna kurusha dadu kuona kama itakubali, ikiwa kwa list yako inatoka tu.

bintiWaTanga
@kijanaKasarani umeruka habari ya mikono kaka. PF2 skroli lazima uwe umeishika, kuichomoa ni aksheni moja, speli nyingi ni aksheni mbili, na una tatu tu kwa zamu, basi imeisha hiyo hujasogea hata hatua. Kleriki mwenye ngao huku na rungu huku ndo kabisa, aachie kitu kwanza. 5e unaichomoa bure ndani ya zamu yako unasoma maisha yanaendelea.

MzeeWaKete
Vijana mmeukosa utamu. 3.5 (toleo la zamani la D&D) bei ilikuwa hesabu safi, levo ya speli mara levo ya mrogaji mara 25, kwa hiyo Fireball ya chini kabisa ni 3 × 5 × 25 = 375 gp. Kuiandika mwenyewe nusu bei na XP (pointi za uzoefu) kidogo inakatwa. Ukiwa na levo ndogo kuliko ya skroli unarusha d20 + levo yako, unatakiwa ufikishe levo ya skroli + 1, ukikosa unarusha Wisdom (busara) DC 5, ukikosa na hiyo sasa ndo kasheshe, DM anaamua, pengine speli inampiga mwenzako badala ya adui au inakuunguza wewe uliyeshika 😂 Na ukisoma adui akiwa puani kwako anapata pigo la bure.

Dadu_Mbovu
Mzee hiyo ya kasheshe nimeipenda lakini wachezaji wangu ndo hawatazigusa kabisa. Vipi rogi (mwizi-mjanja)? Ninaye mmoja anataka sana kusoma skroli.

Fundi_Kanuni
3.5 rogi yeyote alijaribu kwa Use Magic Device (ujuzi wa kutumia vifaa vya uchawi), DC 20 + levo ya mrogaji, hiyo Fireball ya mzee ni 25. 5e anayesoma za klasi yoyote ni rogi wa tawi la Thief, tena levo 13. 2014 anapuuza masharti ya klasi moja kwa moja, 2024 anatumia Int, skroli ya levo 1 inakubali bila shida ila za juu anarusha Arcana (elimu ya uchawi) DC 10 + levo. Mwambie asubiri.

bintiWaTanga
Mimi kura yangu ni 2024 na sababu ni moja tu. Sheria mpya inasema sloti moja kwa zamu, na skroli haili sloti. Kwa hiyo wizadi anatumia Misty Step (speli ya kuhama papo hapo) kwa aksheni ya ziada, anatoka katikati ya goblini, halafu hapo hapo anasoma Fireball ya skroli kwa aksheni yake. Zamu moja! 2014 ukishatumia speli ya aksheni ya ziada unabaki na kantripu (vispeli visivyokula sloti) tu, skroli haikuokoi. Hii ndo inawafanya watu wafungue begi.

kijanaKasarani
si basi fighter-wizadi ataongeza Action Surge (uwezo wa fighter wa kupata aksheni nyingine) apige mbili zaidi

bintiWaTanga
Action Surge ya 2024 imekataza aksheni ya Magic (ya kuroga), walishaiziba hiyo. Na kuandika skroli ni nafuu, levo 3 ni siku 5 na 150 gp, wakati Xanathar's, kitabu cha nyongeza cha 5e ya zamani, walidai 500 gp.

Fundi_Kanuni
Usisahau Revivify, speli ya kufufua ya levo 3. Paladini wa levo 5 hawezi kuiroga bado lakini iko kwenye orodha yake, skroli haimdai almasi ya 300 gp, mwenzake akifa ana dakika moja yaani raundi 10. DC 13, Cha (mvuto, sifa yake ya kurogea) 16, anahitaji 10 kwenda juu. Meza nzima inasimama kuangalia hilo dadu.

Dadu_Mbovu
Aisee, nimeamua. 2024, ila DC naichukua ya Pathfinder, anayesoma anatumia yake. Skroli za levo 1 wataanza nazo mbili kila mtu.

MzeeWaKete
Basi pandisha na bei, la sivyo wizadi wako atakaa siku 20 nyumbani anaandika aje na Fireball nne.

Dadu_Mbovu
600 gp atazitoa wapi huyo, ana deni la farasi bado.