Kikundi: Wana Mji Mkongwe Bagamoyo (Ngome, gereza na karatasi ya Jumamosi)

Mwl. Zuhura: Asalaam aleikum wanakikundi. Shikamooni wakubwa. Jumamosi nawapeleka watoto wa darasa la sita Ngome Kongwe, wako 42. Karatasi ya maelezo inachapwa kesho asubuhi. Nimeanza hivi: "Ngome Kongwe ni gereza la watumwa lililojengwa na Wajerumani, ambamo Abushiri alinyongwa." Naomba mnipitie.

Babu Mshamu: Waaleikum salaam. Marahaba mwanangu. Sentensi moja, makosa matatu. Usichape kitu.

Dogo Side: 😂😂😂

Babu Mshamu: La kwanza. Wajerumani hawakuijenga. Aliianza Abdallah Suleiman Marhabi mnamo 1860. Sultani Barghash aliyetawala Unguja 1870 hadi 1888 akaiongeza. Wajerumani wameikuta imesimama, wakaitengeneza na kuweka askari wao.

Babu Mshamu: La pili. Abushiri bin Salim, yule aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, kanyongwa Pangani, 15 Desemba 1889. Si Bagamoyo.

Babu Mshamu: La tatu hilo la watumwa lina maneno mengi, ngoja nikaswali nirudi.

Dogo Side: Shikamoo babu. Lakini pale ufukweni si kuna alama ya mahali pa kunyongea?

Kaka Omari: Ipo, na haisemi uongo. Wajerumani walinyonga watu hapa waliowapinga. Ila alama iko ufukweni, si ndani ya ngome, na Abushiri hayumo. Watu wanachanganya kwa sababu vita vyake vya 1888 na 1889 vilifika mpaka hapa mjini.

Shangazi Mwana: Nakatiza kidogo jamani. Samaki wameingia?

Kaka Omari: Bado shangazi. Leo bamvua, maji makubwa, yanajaa saa kumi. Subiri hapo.

Shangazi Mwana: Ahsante baba. Endeleeni na gereza lenu.

Kaka Omari: Hilo neno lenyewe "gereza" mwalimu ulitazame vizuri kabla hujaliandika. Asili yake ni Kireno, igreja, maana yake kanisa. Pwani likaja kutumika kwa ngome. Nenda Kilwa Kisiwani, lile jengo la ufukweni linaitwa Gereza mpaka leo, na ni ngome. Kwa hiyo ukikutana na "gereza" kwenye maandishi ya zamani usikimbilie kusema wafungwa.

Dogo Side: Kwa hiyo kanisa likawa ngome, ngome ikawa jela??

Kaka Omari: Ndivyo. Na si neno tu lililohama, majengo nayo yalihama. Mombasa, Fort Jesus imekuwa jela ya serikali 1895 hadi 1958. Lamu, ngome yao imefunga watu mpaka 1984. Yetu hapa mpaka 1974. Kila serikali mpya ilikuta jengo lenye kuta nene, uwanja katikati na mlango wa kulindwa na askari wawili. Nani atajenga jingine?

Mwl. Zuhura: Kwa hiyo ilikuwa gereza la wafungwa kweli?

Kaka Omari: Kweli kabisa, na hapo ndipo maelezo mengi yanapopita mbio. Waingereza waliuteka mji Agosti 1916. Chini yao ngome ikawa jela. Uhuru ukaja 1961, jela ikaendelea mpaka 1974. Baada ya hapo kituo cha polisi, kisha ikaingia mikononi mwa Mambo ya Kale, idara ya serikali inayotunza majengo ya kale, ikakarabatiwa 1992. Piga hesabu. Marhabi, Barghash na Mjerumani wote pamoja ni kama miaka 56. Jela peke yake miaka 50 na ushei. Halafu mgeni akija anaelezwa habari za watumwa dakika 20, jela nusu dakika.

Dogo Side: Wageni hawaji kusikia habari za waiba kuku kaka 😅

Kaka Omari: Waiba kuku na waliokosa kulipa kodi ya kichwa. Hao ni babu zetu, Side.

Mwl. Zuhura: Nimeandika hiyo. Watoto watauliza ndani kulikuwaje. Nitawaonyesha nini sasa, maana vyumba ni vitupu?

Fundi Seif: Mwalimu salaam. Vyumba vitupu vinasema, ukijua pa kutazama. Waambie wapime upana wa chumba kwa hatua. Majengo ya mawe ya pwani vyumba vyake ni vyembamba, mara nyingi mita 2 na nusu mpaka 3, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko. Ukizidisha hapo boriti inalegea katikati, maana zege la chokaa juu yake ni zito. Urefu wa chumba unaweza kwenda utakavyo, upana hauna ruhusa.

Fundi Seif: Sasa weka wafungwa humo. Mtu mzima akijilaza kukingama chumba anakula mita 1 na robo tatu. Kinachobaki ni ujia wa mita moja hivi. Ina maana safu moja tu ya watu, mgongo kwa tumbo, na ujia. Mmoja akigeuka wote wanageuka. Wapange watoto kumi chini ukutani waone, bila hotuba.

Mwl. Zuhura: Hiyo nimeipenda mno.

Fundi Seif: Ongeza mtondoo kwenye huo ujia.

Dogo Side: Mtondoo ndiyo nini?

Shangazi Mwana: Ndoo ya haja, mwanangu. Jela za zamani zikishafungwa jioni hazifunguliwi mpaka asubuhi. Wanajisaidia humo humo, alfajiri zamu inakwenda kumwaga.

Fundi Seif: Nao unaharibu ukuta, si pua tu. Mkojo una chumvi. Chumvi inaingia kwenye lipu ya chokaa, ikikauka inaota vijiwe vidogo ndani, lipu inabambuka kama magamba. Kwenye majengo ya namna hii si kila kinachobambuka chini ni bahari.

Dogo Side: Na nondo za madirisha?

Fundi Seif: Swali zuri. Marhabi hakujua saruji. Kuta zake ni mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa. Wakitaka kugeuza chumba kuwa seli wanatoboa jiwe, wanachomeka nondo, wanaziba. Kiraka kikiwa cheupe na ukikikwaruza kwa ukucha kinatoa unga, ni chokaa. Kikiwa cha kijivu na kigumu ni saruji, yaani mkono wa baadaye. Halafu tazama ufa unaotoka kwenye tundu la nondo kama miguu ya buibui. Chuma kikipata kutu kinavimba, na jiwe la matumbawe haliwezi kuhimili, linapasuka. Upepo wa chumvi wa hapa haucheleweshi.

Babu Mshamu: Nimerudi. Sasa hilo la watumwa.

Dogo Side: Babu na lile handaki la kwenda baharini usilisahau! Watumwa walipitishwa chini kwa chini mpaka kwenye majahazi.

Babu Mshamu: Tuanze na watumwa wenyewe. Bagamoyo ilikuwa na biashara hiyo, hakuna wa kukana. Lakini mzigo mkubwa wa njia yetu, kutoka Ujiji na Tabora, ulikuwa pembe za ndovu, na wengi waliobeba walikuwa wapagazi wa ujira, Wanyamwezi hasa. Bandari kubwa ya watumwa upande wa bara ilikuwa Kilwa. Mtoto akitoka hapo akidhani kila Mnyamwezi aliyefika Bagamoyo alikuwa kwenye mnyororo, tumewadhulumu wale watu mara ya pili.

Kaka Omari: Kabisa babu.

Babu Mshamu: Na tarehe. Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja na kuzuia kuwasafirisha baharini Juni 1873. Ngome imeanzwa 1860. Kwa hiyo biashara ya wazi imeikuta ngome kwa miaka 13 tu, na kwa biashara ya wazi handaki la nini? Unamficha nani, na sheria iko upande wako?

Dogo Side: Basi labda baada ya 1873, kwa siri.

Babu Mshamu: Kwa siri, ndani ya ngome ya sultani yule yule aliyetia saini? Wa magendo walitafuta vichaka vya mikoko na vijito, mbali na macho ya serikali.

Fundi Seif: Mimi nitazame kifundi tu. Bamvua, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka karibu mita 4. Mdomo wa handaki ukiuweka chini, maji yakijaa saa kumi linafurika. Ukiuweka juu, maji yakitoka saa nne asubuhi jahazi limekaa kwenye tope mbali huko na watu wanatembea mchangani mchana kweupe. Na mchanga haujishikilii, lazima ujenge tao la mawe toka mwanzo mpaka mwisho. Kazi yote hiyo ya nini wakati mlango upo?

Shangazi Mwana: Haya, mmeshinda kwa hesabu. Lakini wazee wametusimulia, na hawakuwa wajinga. Masimulizi yale yanabeba uchungu wa watu, hata kama handaki lenyewe halipo. Msimfutie mwalimu.

Mwl. Zuhura: Shangazi naandika: "Wazee wa mji husimulia kuwa palikuwa na njia ya chini kwa chini." Nikishaweka "husimulia" inatosha?

Babu Mshamu: Inatosha. Weka na tarehe zangu chini yake, mtoto mwenye akili ataona mwenyewe.

Dogo Side: Na viboko? Hamsa ishirini?

Kaka Omari: Weka, ila upande wa Mjerumani, usiitie kwenye jela ya Mwingereza. Amri yao ya 1896 iliweka mwisho fimbo 25 kwa mara moja, na hukumu moja isizidi mara mbili, katikati zipite wiki mbili. Wanawake hawakuchapwa, Waarabu na Wahindi nao hawakuchapwa kwa amri hiyo. Mwafrika mwanamume ndiye aliyebaki. "Hamsa ishirini" imetoka kwenye hiyo 25. Na hukumu zilikuwa mambo ya Boma, lile jengo la utawala wa Wajerumani la 1897, si ngome.

Mwl. Zuhura: Boma nako tutapita. Kwa nini lilianguka upande, na ngome iliyolitangulia bado imesimama? Hilo najua wataniuliza.

Fundi Seif: Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ndizo zilizolimaliza, lakini mvua ni mpiga teke wa mwisho tu. Ukuta wa matumbawe hauogopi mvua ya ubavuni, unaogopa maji ya juu. Paa likivuja, maji yanashuka katikati ya ukuta, udongo ulioshika mawe unayeyuka, ukuta unafura tumbo. Ukiuona na tumbo umeshachelewa. Ngome ilikuwa na watu ndani miaka yote, wafungwa, halafu polisi. Jengo lenye watu linazibwa likivuja.

Fundi Seif: Na usiniulize kuhusu wanaokwenda kuupiga ukuta wa chokaa lipu ya saruji ili "uimarike". Saruji haipumui. Unyevu unafungwa ndani, chumvi inajikusanya nyuma yake, baada ya misimu michache linadondoka bapa zima na uso wa jiwe umeng'ang'ania mgongoni.

Kaka Omari: Fundi umeguswa pabaya leo 😄

Mwl. Zuhura: Fundi unaweza kuja na chokaa kidogo watoto waone inavyochanganywa?

Fundi Seif: Nakuja. Ila iwe iliyokwisha kuzimwa kwa maji, iliyolala shimoni. Chokaa hai siileti mbele ya watoto, ikikutana na maji inachemka na ikiruka jichoni ni hatari. Hata hii iliyozimwa wasiishike kwa mikono mitupu. Ndoo ya maji safi iwe kando, ikimgusa mtu machoni anaoshwa kwa maji mengi na kupelekwa zahanati.

Fundi Seif: Kipimo: chokaa karai 1, mchanga karai 3. Mchanga wa mtoni, uliochekechwa. Wa ufukweni hapana, una chumvi, utakuwa umepanda ugonjwa mwenyewe. Maji kidogo kidogo, mchanganyiko ukishika kwenye mwiko ukiugeuza bila kudondoka basi. Nitapaka kwenye jiwe la pembeni, ukuta wa ngome haugusi mtu bila ruhusa ya Mambo ya Kale.

Mwl. Zuhura: Tutapaka unene gani?

Fundi Seif: Sentimita 1, si zaidi. Jiwe linaloweshwa kwanza, la sivyo linanyonya maji yote na lipu inapasuka kama wavu. Baada ya hapo gunia bichi juu siku tatu nne. Chokaa haikaushwi kwa jua, inakomaa kwa hewa polepole. Anayeharakisha anarudia.

Mwl. Zuhura: Haya, sentensi mpya: "Ngome Kongwe ilianzwa na Abdallah Suleiman Marhabi mnamo 1860, ikaongezwa na Sultani Barghash, ikatumiwa na askari wa Kijerumani, ikawa gereza tangu wakati wa Waingereza hadi 1974."

Babu Mshamu: Sasa chapa.

Kaka Omari: Ongeza polisi na ukarabati wa 1992, usiuache mwaka 1974 ukining'inia.

Mwl. Zuhura: Sawa kaka. Saa mbili asubuhi tukutane mlangoni, kila mtoto na kofia na chupa ya maji.

Shangazi Mwana: Samaki wameingia, vibua na changu. Njooni kabla ya magharibi.

Dogo Side: Mimi Jumamosi nafanya nini?

Fundi Seif: Wewe utashika chekecheo.