Re: Rivolva kubwa ya mtumba Anchorage, na kama naweza kuja nayo Nairobi

Kevo (Anchorage, kwa sasa yuko Donholm):

Habari zenu wadau. Niko nyumbani likizo hadi mwisho wa mwezi. Jamaa tunafanya kazi naye Anchorage amenitumia meseji anauza rivolva yake, Ruger Redhawk ya .44 Magnum, dola 800 na ananiongezea ule mkoba wa kuvaa kifuani. Mimi hupenda kuenda kuvua samaki mito ya huko na dubu nimewaona kwa macho, sio hadithi za watu. Sasa naomba mnisaidie, naangalia nini ndio nisiuziwe chuma kimechoka, na pia siku nikirudi kabisa naweza kuja nayo? Mzee wangu ana shamba Laikipia na fisi wanamaliza mbuzi.

Mzee wa Kasarani:

Kevo karibu nyumbani. Nimekwama kwa jam hapa Outering na sio mimi dereva, kwa hivyo vumilia maneno mengi.

Kabla ya kuangalia chuma tuangalie karatasi zako. Unaishi huko na nini? Kama ni grinikadi, kama sisi tulioingia na lotari, hapo sheria ya serikali kuu haina shida na wewe, unaenda duka lenye leseni, unajaza fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununua bunduki, unaandika namba yako ya uhamiaji, wanauliza FBI, na kwa bastola uwe umefika miaka 21. Lakini kama ni viza ya muda, ya masomo au ya kazi, basi kushika bunduki tu, au hata risasi, ni jinai. Sisemi kununua peke yake, nasema kushika. Na hapa ndio vijana wetu hupotelea, kwa sababu Alaska watu wawili wanaweza kuuziana mkono kwa mkono bila fomu bila kibali, sasa mtu anaona kama hakuna aliyemuuliza basi ameruhusiwa. Kesi ya bunduki kwa mgeni haiishi na faini, ukitoka kortini uhamiaji nao wana yao.

Halafu bangi. Alaska inauzwa dukani kabisa, lakini ile fomu inauliza kama unatumia na imeandikwa wazi kwamba hata kama jimbo limeruhusu, kwa serikali kuu bado ni haramu. Kudanganya kwa hiyo fomu ni kosa lingine peke yake. Na usikubali kumnunulia mtu mwingine kwa jina lako, hata awe binamu.

Sasa chuma. Redhawk Ruger wameitengeneza tangu 1979 na ni nzito makusudi, kuipata imelegea si rahisi kama zile Smith & Wesson Model 29 za kitambo zilizopigwa risasi kali maisha yake yote. Lakini usiamini jina. Fungua silinda, uhakikishe matundu yote hayana kitu, halafu uhakikishe tena. Vuta nyundo polepole sana kwa kila tundu, silinda inafaa kuwa imejifunga kabla nyundo haijafika mwisho, hata tundu moja likichelewa ujue taimingi imeisha. Nyundo ikiwa imevutwa, isukume kidogo kwa kidole gumba bila kugusa triga. Ikianguka, kuna mtu alipiga tupa ndani akitaka triga iwe laini, rudisha na uage. Skrubu zikiwa zimetafunwa vichwa, jua fundi wa jua kali ameshaingia humo.

Pahali pesa zako zinaweza kupotelea hasa ni pale silinda inapokutana na mtutu. Inua kwa mwanga uone ule mwanya, ukiwa na zile geji nyembamba mafundi wa Kirinyaga Road hupimia plagi ni vizuri zaidi, ukisoma kati ya inchi 0.004 na 0.008 uko sawa. Sukuma silinda mbele na nyuma, isicheze. Angalia mdomo wa nyuma wa mtutu kwa tochi, ufa hata mdogo ni hapana. Juu ya ule mwanya, chini ya fremu, utaona alama ya moto imekata kidogo, hiyo ni kawaida kwa magnum na kwa kawaida hufika mahali ikasimama, ikiwa ni mfereji mzito ndio ukimbie. (Kwa wengine mnaosoma: mkipata Ruger za kikauboi za kabla ya 1973, hizo hubebwa na tundu tupu chini ya nyundo, ikigongwa inaweza kulia. Kiwanda hurekebisha bure, muulize muuzaji kama ilipelekwa.)

Na jua .44 Magnum inapiga mkono vibaya, risasi moja ni zaidi ya dola. Uzuri inakubali .44 Special, risasi fupi na laini zaidi, jifunze na hizo kwanza. Kinyume chake hapana, bunduki ya .44 Special usiitie .44 Magnum.

Kuileta hapa, wacha tu. Marekani wenyewe wana masharti ya kutoa silaha nje, na huku unahitaji kibali cha Firearms Licensing Board, ile bodi ya leseni za silaha, kabla hujapanda ndege, sio ukishatua JKIA. Utaulizwa sababu. Ya kuwinda hakuna, uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Fisi ni maneno ya KWS, watu wa wanyamapori. Hata waliokuwa na leseni hapa nchini waliambiwa mwisho wa 2018 waje wahakikiwe upya, sasa wewe na rivolva ya kutoka Alaska utaanzia wapi?

Kevo:

Asante sana mzee. Niko na H-1B, ile viza ya kazi ya muda, grinikadi bado inasukumwa na kampuni. Lakini nimesoma mahali kwamba ukiwa na leseni ya kuwinda kuna ruhusa, na mimi nina ya uvuvi, si ni ofisi ileile inatoa?

Rehema (Anchorage):

Kevo hapana!! Sheria inasema ya kuwinda, samaki hawahesabiki. Hiyo ruhusa ipo kweli, lakini usichukue leseni ya kuwinda kwa haraka na grinikadi iko njiani, muulize kwanza wakili wa kampuni, ni emaili moja tu.

Halafu hakuna mtu amekuambia ukiua dubu inakuwaje. Hata kama ni kujitetea unamchuna wewe mwenyewe, ngozi na kucha zake na fuvu unapeleka kwa serikali ya jimbo na kujaza ripoti ndani ya siku 15. Sisi hapa nyumbani tunatembea na spreyi ya dubu na tunapiga kelele mtoni kama wamama wa kanisa. Haina fomu 4473. Ila usinunue ukiwa njiani ukidhani utaiweka kwa begi, ndege hazikubali hata kwa mizigo ya chini, nunua ukishafika.

Kevo:

Nimemwambia jamaa auzie mwingine, amesema ataniwekea mpaka grinikadi, tutaona. Rehema hiyo spreyi inakaa muda gani?

Rehema:

Tarehe imeandikwa kwa mkebe, na usiiache kwa gari kwenye jua. Ivae kiunoni, sio ndani ya begi mgongoni. Na uniletee majani ya chai na royco.