Oda zinalala mezani na siku inaisha: nianzie wapi?

Fundi wa Kibarazani (Morogoro)

Habarini ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 9 huu, nashonea kibarazani kwangu. Mashine nzima, wateja wapo, afya ipo. Kazi ndiyo haitoki.

Niwasimulie ya jana. Nilifungua saa 2 asubuhi, nikatandika kitenge cha mteja mezani, gauni refu la kwenda harusini Jumamosi. Nimepiga chaki mgongo, sijamaliza mzunguko wa kwapa, simu ikalia. Mteja mwingine kaleta picha ya mshono anaoutaka. Nikamjibu. Kutoka kwake nikaingia kundi la mafundi kwenye WhatsApp, watu wanaonyeshana mikono ya gauni. Nakuja kunyanyua kichwa, saa 3 na nusu. Nikarudi kwenye kitambaa, sikumbuki kama niliacha nafasi ya mshono au sikuacha. Nikapima upya. Mara akapita mama na suruali ya mwanawe ibadilishwe zipu, "dakika mbili tu, fundi". Nikatoa uzi wa njano, nikaweka mweusi. Mpaka adhana ya alasiri nina mgongo mmoja na zipu moja.

Wiki iliyopita nilikata mikono miwili, yote ya kushoto. Kitenge ungekigeuza. Ile ilikuwa satini, uso wake mmoja. Nilinunua kitambaa kingine kwa hela yangu na usiku ule sikulala.

Mke wangu anasema nizime simu. Lakini wateja wangu wako humo humo. Wenzangu mnafanyaje? Na ukianza tabia mpya, inachukua muda gani mpaka ikae mwilini?

Mama wa Mishono (Mombasa)

Pole sana fundi mwenzangu. Nashona tangu 1994, na hiyo mikono miwili ya kushoto naijua, ilinipata kwa nguo ya bi harusi.

Kukata kunataka kichwa, kushona kunataka mkono. Usivichanganye. Mimi asubuhi nakata tu, nguo tatu au nne, cherehani imefunikwa. Kila nguo nikimaliza kuikata naifunga fungu lake na zipu yake, vifungo vyake, na karatasi ya vipimo ndani. Baada ya adhuhuri ndipo nakaa kwenye mashine, na nashona kwa rangi ya uzi. Vya uzi mweusi vyote kwanza, kisha vya njano. Bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini ya mashine, nimezijaza usiku, sita, zinanisubiri.

Wa zipu usimfukuze, ndiye anayekuletea hela ya mboga. Muwekee kikapu pale mlangoni. "Weka hapo mama, saa 10 njoo uchukue." Akija saa 10 aikute tayari. Mteja hachukii kungoja, anachukia kudanganywa.

Mhasibu wa Usiku

Mimi nilisomea mitihani ya uhasibu huku nimeajiriwa, saa 3 usiku mpaka saa 5. Kilichoniokoa ni njia ya Muitaliano Francesco Cirillo, aliyoibuni mwishoni mwa miaka ya 1980 alipokuwa mwanafunzi. Alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, ndiyo maana ikaitwa Pomodoro, nyanya kwa Kitaliano. Dakika 25 kazi moja, dakika 5 pumzika.

Kwako fundi nisingeng'ang'ania 25. Saa ikilia uko katikati ya kwapa utaharibu. Kipimo chako kiwe kipande: mgongo ukishakatwa wote, ndipo unyanyuke.

Na ukilazimika kuacha, andika kwanza umefikia wapi. Mtafiti Sophie Leroy alieleza mwaka 2009 kwamba mtu akihama kazi kabla haijaisha, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka. Andika kwa chaki pembeni ya kitambaa: "kwapa la kulia bado". Usiuachie ubongo kazi ya kukumbuka.

Muuguzi Mstaafu (Tanga)

Nijibu la muda. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96, kila mmoja kachagua jambo moja dogo la kufanya kila siku, kama kula tunda wakati wa chakula cha mchana. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo likawa linajifanya lenyewe. Wengine siku 18 tu, na kuna waliokadiriwa kufika 254. Wakaona pia kuwa kukosa siku moja hakuharibu safari.

Hilo la mwisho lilinisaidia mimi. Nina sukari, nikaanza kutembea kila baada ya swala ya alfajiri. Ulipotokea msiba kwa ndugu nikakosa siku nne, nikataka kuacha kabisa. Sikuacha. Cha kukusaidia ni kuifunga tabia kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Ukishamaliza chai, simu inaingia ndani. Na uanze na hilo moja tu.

Fundi wa Kibarazani (Morogoro)

Narudi baada ya wiki tatu. Asanteni, nimewasoma mara nyingi.

Nilianza na simu peke yake, kama alivyosema muuguzi. Nikishakunywa chai naiweka chumbani juu ya kabati. Nimewaandikia wateja kwamba ujumbe najibu saa 6 mchana na saa 11 jioni. Siku mbili za kwanza mkono ulikuwa unakwenda mfukoni wenyewe. Siku ya tano nilishindwa, nikakaa nayo mpaka adhuhuri. Kesho yake nikairudisha juu ya kabati.

Wiki ya pili nikaongeza mafungu ya Mama wa Mishono. Jana nimekata magauni matatu kabla ya saa 5, na kila mkono nimeuandika kwa chaki, "kulia", "kushoto". Bobini bado nasahau kuzijaza usiku.

Yule mama wa zipu kaja saa 10 kamili, akaikuta tayari. Leo asubuhi kaacha sare mbili za shule kikapuni na kwenda zake sokoni.