Tupeane uzoefu: virusi wametoka, Windows imebaki kilema

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita flashi ya mteja iliniletea virusi kwenye kompyuta ya steshenari. Antivairasi ikakamata mafaili kibao, nami nikabofya kufuta yote huku napiga mluzi. Kuwasha upya: kioo cheusi, kishale cha mausi peke yake. Kumbe explorer.exe, programu inayoleta desktopu, nayo ilikuwa kwenye orodha, nimeifuta kwa mkono wangu.

Nikabonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ikaja, humo nikafungua cmd, dirisha la kuandikia amri, kwa haki za msimamizi na kuandika sfc /scannow, amri ya kukagua na kutengeneza mafaili ya Windows. Ikasema imeona mafaili mabovu, mengine imeshindwa kuyatengeneza. Nikahamia DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ambayo huchota mafaili mazima mtandaoni. Ikaganda 62.3%. Nikaenda kula, nikarudi ipo palepale, nusura niizime. Baadaye ikasogea yenyewe, nikarudia sfc, na desktopu ikarudi. Bando la wiki likaishia hapo. Nyie mlitokaje?

Fundi, Mwanza
Mkuu, ulianza nyuma mbele. Sfc inachukua mafaili kwenye ghala la Windows yenyewe, WinSxS. Ghala likiwa bovu, itakurudishia nini? DISM ndiyo inayotengeneza ghala, kwa hiyo itangulie. Huna bando? Chomeka flashi yenye Windows ya toleo lilelile, kwenye amri ya DISM ongeza /Source:wim:E:\sources\install.wim:1 /LimitAccess (E ni hiyo flashi). Ukikuta ndani ni install.esd, kote penye wim andika esd. Mimi hilo lilinila saa nzima.

Ila kilichonitesa hasa ni enzi za Windows XP. Mashine unaingia, inapakia mipangilio yako, halafu inakutoa papo hapo. Ingia, toka, ingia, toka. Safe Mode, ile ya kuwasha Windows na vitu vya lazima tu, nayo hivyohivyo. Antivairasi ilikuwa imefuta userinit.exe, inayokufikisha kwenye desktopu ukishaingia. Nikawasha kwa CD ya Windows, nikaingia Recovery Console, sehemu yake ya kuandikia amri za uokoaji, nikaandika expand D:\i386\userinit.ex_ C:\Windows\System32. Kazi ikaisha. Mteja akauliza mbona namdai elfu kumi na tano kwa mstari mmoja.

Wa Nakuru
Mimi sikupoteza faili hata moja. Kila programu niliyobonyeza, hata kikokotoo, ilifungukia Notepad! Kirusi kilikuwa kimevuruga rejista, ghala la mipangilio ya Windows, pale inapojulia .exe (faili la programu) ni kitu gani. Na regedit, programu ya kuhariri rejista, ni .exe pia, sasa utaifunguaje uirekebishe? Binamu akaniambia nikopi regedit.exe, ile kopi niiite regedit.com. Ikakubali. Ndani ya HKEY_CLASSES_ROOT nikarudisha .exe isome exefile, na exefile\shell\open\command isome "%1" %*. Nikalala usingizi.

Mpinga kusafisha
Mnajichosha. Toa nyaraka zako, piga Windows mpya. Kirusi kama Virut au Sality kikishajichomeka kwenye mamia ya exe, utajuaje ipi imepona? Sality inafuta hadi funguo za SafeBoot kwenye rejista, ukitaka Safe Mode unakutana na kioo cha bluu. Na hiyo sfc inatazama mafaili ya Windows tu, programu zako nyingine haizigusi. Nilisafisha siku tatu mfululizo. Siku ya nne nikafungua setapu ya printa iliyokuwa imekaa kwenye D, sehemu ya diski isiyo na Windows, vurugu ikaanza upya. Tangu hapo kabla sijapiga Windows nafuta kwanza exe zote za D.

Mwanafunzi, Morogoro
Jamani hayo ya kupiga Windows semeni taratibu. Fundi alinipigia Windows mpya bila kuniuliza, na utafiti wangu wote ulikuwa Desktop. Kirusi chenyewe ni kile cha kuficha mafolda kwenye flashi na kukuachia shotikati! Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba amri ya attrib -h -r -s /s /d ingeyafichua. Nimeandika sura mbili upya.

Mleta mada
Pole sana dada. Mkuu wa exe za D, umenitisha. Nimechungulia D yangu sasa hivi: setapu ya printa ipo, na inaonyesha ilibadilishwa siku ileile ya flashi. Wateja wawili wako foleni wanataka kuprinti. Nachomoa waya wa intaneti, nitarudi.