Maana ya maisha inaweza kutoka nje yetu kweli?

Mkesha: Wakuu kuna kitu kinanisumbua hasa usiku nikikosa usingizi. Wapo wanaosema maisha yana maana kwa sababu tumeumbwa kwa kusudi, wengine wanasema hamna kitu, maana unajitengenezea mwenyewe. Mimi kote naona kunavuja. Kama kusudi nimepewa bila kuulizwa nina tofauti gani na kuku wa kufugwa? Kuku naye ana kusudi, tena liko wazi kabisa 😅 Na kama najitungia, leo natunga kesho nafuta, hiyo si kujiliwaza tu?

FundiManeno: Hilo la kuku limenimaliza hahaha. Sartre, yule mwanafalsafa Mfaransa, alibanana nalo, kwenye hotuba yake ya Paris 1945 akatoa mfano wa kisu cha kukatia karatasi, aliyekitengeneza alishajua ni cha nini kabla hakijakuwepo, ila binadamu anakuwepo kwanza ndo anajifanya kuwa mtu fulani. Nipo upande huo. Hata anayefuata dini, kaamua mwenyewe kufuata.

BintiMdogo: Kaka hapo napinga. Mama yangu alipooza miaka mitatu, nikawa naweka alamu saa nane usiku nikamgeuze ubavu asipate vidonda, namkagua visigino kwa tochi ya simu nisiwashe taa. Mwishoni alishasahau hata jina langu. Sikukaa chini nikachagua eti hii ndo maana yangu. Alipofariki bado nikawa naamka saa nane bila alamu, nimekaa kitandani mikono haijui ishike nini. Kama niliitunga mimi mbona aliondoka nayo? Si ningetunga nyingine asubuhi yake. Frankl, yule daktari wa akili wa Vienna aliyepitia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, alisema maana inagunduliwa haibuniwi, maisha ndo yanatuuliza sisi.

FundiManeno: Pole sana dada. Ila mko wangapi tumbo moja? Maana mama ni yuleyule, mwingine angeona mzigo tu.

BintiMdogo: Asante. Tuko watatu na ndo hivyo hivyo unavyosema. Lakini kaka yangu siku moja alimgeuza kwa kumvuta mkono mama akalia, na yeye uso ukamshuka palepale. Hakuchagua kitu chochote ili ajue kakosea.

Mkesha: Duh. Dada umenifanya nimwangalie kuku wangu upya, shida yake labda sio kwamba kusudi limetoka nje, shida ni kwamba lile kusudi halimtakii mema. Ila sasa hapo narudi kwa swali la Socrates, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kitu ni chema kwa sababu miungu wanakipenda au wanakipenda kwa sababu ni chema? Kama ni hilo la pili basi hata muumba ananionyesha tu kitu ambacho tayari kipo. Na kipo wapi sasa?? FundiManeno usilale, saa tisa hii na mimi nimeshakoroga chai.